Kujifua ughaibuni kabla ya mashindano makubwa: maswali ya vijana wa mbio za baiskeli za uwanjani

Haya ni maswali ambayo vijana, makocha wao na hasa wazazi wao huuliza safari ya kambi inapokaribia. Nimeyaacha yafuatane jinsi yanavyokuja. Majibu yanamlenga kijana wa miaka 17 hadi 22 hivi, anayeondoka nchini kwake wiki chache kabla ya mashindano ya bara au ya dunia, akiwa ameshajenga miguu na pumzi ila uwanja wenyewe bado haujamkaa mwilini.

Kwa nini niende nje wakati mazoezi naweza kuyafanya nyumbani?

Kwa sababu ya mbao. Nguvu unaweza kuitafuta popote: barabarani, kwenye rola, jimu. Lakini mashindano makubwa siku hizi hufanyika kwenye velodromu ya mita 250, yenye paa na sakafu ya mbao, na kona zake zimeinama nyuzi 42 hadi 45. Nchi nyingi hazina hata moja. Penye uwanja, mara nyingi ni wa saruji, uko wazi kwa jua na mvua, una mita 333 au 400, na kona zake zimelala.

Tofauti yake huielewi mpaka uingie. Kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, mzunguko wa mita 250 unakwisha kwa sekunde 15, na ndani ya hizo sekunde 15 mna kona mbili. Kila kona inakugandamiza chini, mwili unakuwa mzito kama mara 1 na nusu, mikono inataka kukunjika, kichwa kinataka kuinama. Ukitoka tu konani mwili unakuwa mwepesi tena, na kabla hujavuta pumzi kona nyingine hiyo imefika. Kijana mwenye miguu mizuri kuliko wote anaweza kupoteza mbio hapo hapo, kwa sababu tu anakaza mabega kila anapoingia kona.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kambi inaongeza nini, namwambia inaongeza saa za mbao. Nguvu uende nayo kutoka kwenu. Wiki nne za kambi hazimpi mtu nguvu asiyokuwa nayo, ila zinatosha kabisa kumfundisha asiipoteze ile aliyonayo.

Ni wapi wanakopokea vijana?

Kituo kinachojulikana zaidi ni World Cycling Centre kilichoko Aigle, Uswisi, ambacho ni cha Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI. Kilifunguliwa mwaka 2002 na kina uwanja wa mbao wa mita 200, mfupi kuliko ule wa mashindano, kwa hiyo kona zake zinakuja haraka zaidi. Mtu aliyezoea pale, akihamia mita 250 anajiona ana nafasi. Maombi hupitia shirikisho la nchi yako. Hata uwe hodari vipi, barua yako mwenyewe haitafika mbali.

Njia ya pili ni shirikisho lako kukubaliana na shirikisho la nchi yenye velodromu. Ya tatu ni klabu. Azizulhasni Awang wa Malaysia alijenga maisha yake yote ya mbio akiwa Melbourne, Australia, na mwaka 2017 akawa bingwa wa dunia wa keirin, yaani mbio ambazo waendeshaji huanza wakifuata pikipiki, kisha wanamalizia kwa kasi ya mwisho. Nicholas Paul wa Trinidad na Tobago alipitia Aigle, na Septemba 2019, akiwa na miaka 20, aliweka rekodi ya dunia ya mita 200 za kuruka, yaani zinazopimwa ukiwa tayari kwenye kasi, kwa sekunde 9.100 kule Cochabamba, Bolivia. Nawataja hao wawili kwa sababu wote walitoka nchi ambazo watu hawazifikirii wanapozungumzia baiskeli.

Nikae muda gani?

Chini ya wiki tatu ni utalii. Wiki ya kwanza inaliwa na uchovu wa safari, usingizi na kuizoea kona. Ya pili ndipo unaanza kujifunza, na ya tatu ndipo unaanza kutumia ulichojifunza. Kwa mgeni wa mbao, wiki nne hadi sita ndizo ninazozipenda. Zaidi ya hapo kijana huanza kuchoka akili, hasa kama hajawahi kukaa mbali na kwao.

Saa za dunia nazo zihesabiwe. Kadiria siku moja ya kuzoea kwa kila saa moja ya tofauti, na ujue kwamba kwenda mashariki kunasumbua kuliko kwenda magharibi. Kwa hiyo usipange majaribio ya muda siku ya pili baada ya kutua, hata kocha mwenyeji akikuchekea na kusema twende tu.

Makaratasi gani yananihusu?

Leseni ya mwaka huo kutoka shirikisho lako, yenye namba yako ya UCI. Barua ya mwaliko. Bima inayotaja wazi mbio za baiskeli, maana bima nyingi za wasafiri zinaruka neno hilo. Ukiwa chini ya miaka 18, ridhaa ya wazazi iliyoandikwa, pamoja na jina la mtu mzima anayekusimamia huko. Kwa nchi za Schengen, viza ya muda mfupi inaruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180, na hesabu hiyo inazijumlisha nchi zote za eneo hilo. Kama kambi iko Uswisi na mashindano yako Ufaransa, ni kapu moja.

Umri wa mbio hauhesabiwi kwa siku ya kuzaliwa bali kwa mwaka: mwaka wa mashindano toa mwaka uliozaliwa. Daraja la vijana ni 17 na 18. Kuna watu hugundua jambo hili wakiwa wameshalipa nauli.

Baiskeli nitaisafirishaje?

Hili lina mengi, na ndilo linaloharibu kambi nyingi kabla hazijaanza.

Kabla hujafungua hata nati moja, pima. Urefu kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya kiti. Umbali kutoka ncha ya kiti hadi katikati ya usukani. Andika namba hizo kwenye simu, na nyingine uziandike kwa kalamu kwenye utepe ulioubandika ndani ya sanduku, kwa kuwa simu nazo hupotea. Zungushia utepe mwembamba nguzo ya kiti pale inapoingia kwenye fremu. Ukifika unairudisha hadi kwenye utepe, kazi imekwisha. Nilishamwona kijana aliyefika, akakiweka kiti kwa kukadiria, akafanya mazoezi siku kumi akilalamika goti. Kiti kilikuwa kimepanda milimita 12.

Tairi ziache na upepo kidogo. Fungua pedali na usukani, funga fremu kwa sponji, na weka kipande cha plastiki kati ya miguu ya uma ili isibonyee sanduku likiangushwa. Litaangushwa tu.

Kwenye begi la mkononi weka viatu, pedali, kofia ya mbio na nguo moja ya mbio. Mzigo ukichelewa siku tatu, unaweza kuazima baiskeli na kuifunga pedali zako ukaendelea na kazi. Viatu vya kuazima, hapana. Spana usiiweke mkononi, wataichukua kwenye ukaguzi. Iende na sanduku, na iwe namba 15, kwa kuwa ndiyo inayofungua nati za magurudumu ya baiskeli za uwanjani. Ukifika bila spana ya 15 utakuwa ombaomba wa karakana kwa wiki nzima.

Nimezoea baiskeli ya barabarani. Hii ya uwanjani nitaiwezaje?

Haina breki, haina gia za kubadilisha, haina friwili. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka, upende usipende. Kosa la kila mgeni ni kuacha kukanyaga baada ya kuvuka mstari wa mwisho. Baiskeli inakurusha kwa kisigino. Kupunguza kasi, panda juu ya kona. Mlima wa mbao wenyewe utakupunguza, nawe uendelee kuzungusha miguu polepole.

Jambo la pili linalowatia watu hofu ni kuteleza. Kona ya nyuzi 45 inashikika ukiwa na mwendo. Kwenye mita 250, ukishuka chini ya kilomita 30 kwa saa hivi ukiwa juu ya kona, tairi huanza kutafuta njia ya kuteremka. Kwa hiyo woga unakudanganya: unakuambia upunguze, kumbe usalama uko kwenye kuongeza. Wageni wote huanzia kwenye utepe wa buluu chini, ambao kisheria si sehemu ya uwanja, wakapata mwendo, ndipo wakapanda.

Ile mistari ya rangi ina maana gani?

Mstari mweusi uko sentimita 20 kutoka ukingo wa ndani, na ndio unaopimiwa urefu wa uwanja. Mwekundu uko kama sentimita 85. Kwenye sprinti, ukishakuwa chini yake unaongoza katika mita 200 za mwisho, mwenzako haruhusiwi kukuingilia kwa ndani wala wewe kutoka kumzuia. Wa buluu, juu zaidi, ulitokana na mbio za kufuata pikipiki, na mazoezini ni mpaka: wanaokwenda taratibu au wanaopumzika hukaa juu yake.

Mweusi ndio wenye pesa. Ukiendesha mita 1 juu yake mzunguko mzima, unaongeza mita 4 na ushee, na nyongeza yote hiyo inatoka konani. Chukua mbio za kufukuzana za kilomita 4, ambazo ni mizunguko 16. Kijana anayeyumba sentimita 30 tu juu ya mweusi ataongeza zaidi ya mita 20 mpaka anamaliza. Kwa kilomita 60 kwa saa hiyo ni sekunde 1 na zaidi, na amezilipia kwa miguu yake mwenyewe. Wapo wanaotumia fedha nyingi kwenye gurudumu jipya wakitafuta nusu ya hiyo. Shuka kwenye mweusi kwanza, gurudumu baadaye.

Adabu za uwanjani zikoje? Naogopa kumwangusha mtu.

Uoga huo ni mzuri, usiutupe wote. Watu huzunguka kinyume na saa, na kupita hufanyika kwa juu, yaani mkono wa kulia. Kabla ya kupanda, geuza kichwa uangalie bega la kulia, kila mara, hata kama uwanja unaonekana mtupu. Usiyumbe ghafla. Usisimame juu ya pedali bila kujua aliye nyuma, kwa sababu baiskeli hurudi nyuma kidogo unaposimama, na gurudumu lake la mbele liko sentimita chache kutoka lako.

Anayekuja kwa kasi nyuma yako atapiga kelele fupi yenye maana ya "baki hapo hapo". Jifunze neno wanalotumia siku ya kwanza, kabla ya kujifunza kusalimia. Ukilisikia, usimpishe! Kumpisha ndiko kunakoangusha watu. Shika mstari wako, yeye ameshajua atakapopita.

Nitumie meno mangapi?

Kocha wako atajibu, lakini hesabu uielewe ili msibishane bure. Meno 60 mbele na 15 nyuma ni mara 4. Gurudumu lina mzingo wa kama mita 2.1, kwa hiyo mzungusho mmoja wa pedali unakupeleka mita 8.4, na mzunguko wa mita 250 unahitaji karibu mizungusho 30. Kwa kilomita 60 kwa saa miguu inazunguka mara 119 kwa dakika. Ukiweka 14 nyuma, mzungusho mmoja ni mita 9, na miguu inashuka hadi 111.

Mtindo wa sasa ni gia nzito, na kijana akifika kambini akiona wenyeji wana minyororo mirefu kama ya pikipiki, naye anataka. Tatizo ni kwamba gia nzito inabidi kwanza uiamshe kutoka kusimama. Mwenyeji mwenye miaka mitano ya vyuma mgongoni anaiamsha. Wewe utatoka kwenye geti la kuanzia kama mtu anayesukuma gari lililozima, na sekunde ulizopoteza mzunguko wa kwanza hazirudi. Panda jino moja kwa wakati, na upime kwa saa. Hisia za "leo nimeenda vizuri" hazihesabiwi.

Mnyororo nao uukague kila unapobadilisha meno. Uukandamize katikati kwa kidole: ucheze kama sentimita 1, usilegee kuzidi hapo, usikaze kama waya. Kwenye baiskeli isiyo na breki, mnyororo ndio breki.

Wenyeji wananishinda kila siku mazoezini. Nitawezaje mashindano?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike yote haya, kwa kuwa hapa ndipo vijana wanapoharibika.

Hali huwa hivi. Kijana anafika akiwa bingwa wa kwao. Jumatatu anaingia uwanjani na watu ambao wamezaliwa karibu na velodromu, wanampita kwa juu, wanampita tena. Jumanne anaamka mapema kuliko wote. Jumatano anaongeza seti mbili ambazo hazipo kwenye ratiba. Jumapili, siku ya mapumziko, anatoka barabarani kwa saa nne kimya kimya ili kocha asijue. Wiki ya tatu mapigo ya moyo ya asubuhi yamepanda, halali vizuri, saa zake zinazidi kuwa mbaya, naye anasoma saa hizo kuwa ushahidi kwamba hajafanya kazi ya kutosha. Anaongeza tena. Anafika kwenye mashindano akiwa ameacha miguu kambini.

Mwenyeji unayemfukuza huenda yuko kwenye wiki yake nyepesi, au mashindano yake yako miezi mitano mbele, au baiskeli yake na yako hazifanani kwa lolote. Zoezi la mtu mwingine halina jibu la swali lako. Chukua daftari, andika saa zako za siku ya kwanza kwenye uwanja huo, kwa gia hiyo, na ujilinganishe nazo tu. Kwenye mazoezi ya kundi, lengo liwe ufundi: leo nitakaa sentimita 30 nyuma ya gurudumu la mbele, leo nitapokezana bila kutazama chini. Mkipokezana kwenye timu ya watu wanne, anayetoka mbele anapanda kona, anaachia, anateremka mkiani. Ukimzoea wa mwisho akikupita hadi ukashuka palepale kwenye gurudumu lake bila kukanyaga kwa nguvu kuziba pengo, hiyo ni kambi iliyolipa.

Na mwambie kocha ukweli. Uchovu unaofichwa hauna dawa.

Mbona sprinti ni kukaa tu?

Ndiyo, na wageni wengi hushangaa. Kipindi cha saa mbili na nusu kinaweza kuwa na juhudi nne, tano, labda sita za nguvu zote, kila moja chini ya nusu dakika, na katikati dakika 20 au zaidi za kukaa kwenye kiti ndani ya uwanja, blanketi miguuni, soksi zimevutwa juu. Anayetoka kwenye mbio za barabarani hujiona mvivu, anaanza kuzungukazunguka. Kaa. Juhudi ya tatu inataka misuli ile ile iliyotoa ya kwanza, na bila kupumzika utajifunza kwenda polepole kwa bidii nyingi. Chukua kitabu.

Kula je? Na uzito?

Kambi si mahali pa kupunguza uzito. Uwanja ni tambarare, huna mlima wa kubeba kilo, na asiyekula wanga wa kutosha ataonekana kwenye saa ndani ya siku tatu. Kula ndani ya saa moja baada ya kipindi kizito, na uwe na cha kutafuna mkobani, kwa kuwa vipindi hupishana na milo ya jengo unalokaa.

Kwa wasichana kuna dalili moja isiyopaswa kunyamaziwa: hedhi kukoma. Bado wapo wanaowaambia vijana kuwa ni kawaida ya mwanariadha. Si kawaida. Mara nyingi ni mwili unaosema chakula hakitoshi kwa kazi unayoifanya, hali ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa jina rasmi mwaka 2014 na ambayo hudhoofisha mifupa. Wavulana nao hupata, ila wao hawana dalili iliyo wazi hivyo. Mwone daktari wa timu, na kama kocha ni mwanamume na unaona haya, mtafute mwanamke yeyote wa benchi la ufundi akusemee.

Nakohoa baada ya kila juhudi. Nimeshikwa na mafua?

Huenda ni hewa tu. Velodromu za ndani huwa kavu na zenye joto, na ukivuta hewa hiyo kwa nguvu zote kwa dakika moja, koo linawaka na kikohozi kinakujia. Kikiisha ndani ya saa chache, kunywa maji uendelee. Kikija na homa au kubana kifua, simama. Na kama unatumia dawa ya pumu ya kuvuta, soma jibu la dawa hapa chini kabla hujaivuta.

Kwa nini huko ndani kuna joto namna hiyo?

Wanawasha makusudi. Hewa ya joto ni nyepesi, na kwa kasi hizi adui mkubwa ni hewa. Wakati wa mashindano, nyuzi 26 hadi 28 ni jambo la kawaida. Mwinuko kutoka usawa wa bahari unafanya kazi ile ile: Cochabamba iko kama mita 2,500 juu, na Eddy Merckx wa Ubelgiji alipotaka rekodi ya saa moja mwaka 1972 alikwenda Mexico City, akaendesha kilomita 49.431. Ila mwinuko unatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine, maana hewa nyepesi ina oksijeni haba. Wa sprinti anafaidi karibu yote; wa kilomita 4 anagawana. Ndiyo maana usilinganishe saa zako za uwanja mmoja na za mwingine bila kuuliza joto na mwinuko. Lakini pia usizifanye kisingizio: rekodi ile ya Paul ya mlimani ilivunjwa kwenye Olimpiki ya 2024, Saint-Quentin-en-Yvelines, karibu na Paris, tambarare kabisa, ambako Harrie Lavreysen wa Uholanzi alifikia sekunde 9.088.

Wapimaji wa dawa wanaweza kunifuata huko?

Wanaweza, popote, wakati wowote. Kama jina lako limo kwenye orodha ya wanaotakiwa kutoa taarifa ya mahali walipo, badilisha anwani kabla ndege haijaruka, pamoja na ile dakika 60 ya kila siku unayoahidi kupatikana. Makosa matatu ndani ya miezi 12, iwe kukosekana au kutojaza, ni kosa kamili la dawa hata kama hujawahi kumeza chochote. Ukiwa chini ya miaka 18 una haki ya kuwa na mtu mzima pembeni wakati wa kupimwa. Mwite.

Salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa ndani ya kipimo: isizidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, wala 600 ndani ya saa 8 zozote. Dawa nyingi nyingine zinahitaji kibali cha matibabu, nacho huombwa mapema. Virutubisho vya kopo alivyokupa rafiki mpya wa bwenini, mrudishie kwa heshima.

Vijiti vya mbao je? Nimeona picha mbaya.

Hutokea. Mwaka 2011 huko Manchester, Azizulhasni Awang alianguka kwenye keirin, kijiti cha mbao cha kama sentimita 20 kikapenya shavu la mguu na kutokea upande wa pili. Aliinuka, akapanda baiskeli, akavuka mstari wa mwisho akiwa wa tatu. Simsimulii kama mfano wa kuiga. Ukiwa na kijiti kilichozama, usikichomoe. Kifungwe kama kilivyo na ukitoe hospitali. Michubuko midogo ioshwe vizuri siku ile ile, na chanjo ya pepopunda iwe hai kabla ya safari. Vaa fulana nyembamba ndani ya nguo ya mbio. Ukiteleza, vitambaa viwili husuguana vyenyewe na ngozi ikapona.

Ukigonga kichwa, umemaliza kwa siku hiyo, hata ukijiona mzima.

Mimi ni mzazi. Nimpigie simu mara ngapi?

Mkubaliane siku na saa, kisha uiheshimu. Simu ya kila jioni inayoanza na "umeshinda leo?" inamfanya aishi kwa ajili ya simu. Muulize amekula nini, amelala saa ngapi, wenzake ni akina nani. Wiki ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza: ugeni umekwisha na mwisho hauonekani. Akilia siku hiyo, usimkatie tiketi ya kurudi. Ngoja siku tatu. Ila akikuambia mtu mzima fulani wa kambini anamtia wasiwasi, usingoje hata saa moja.

Wiki mbili za mwisho nifanye nini?

Punguza wingi wa mazoezi hadi karibu nusu, lakini ukali ubaki ule ule. Juhudi chache, kwa kasi ya mbio, kwa gia ya mbio, na mapumziko marefu. Miguu itajihisi mizito siku ya nne au ya tano. Hiyo isikutishe wala isikupeleke barabarani.

Kwenye uwanja wa mashindano, shirikisho lako litapewa vipindi vifupi vya kuuzoea, na humo ndani mtakuwa msongamano. Tumia cha kwanza kujua kona inaanzia wapi, maana velodromu mbili za mita 250 hazifanani: moja ina kona ndefu na sehemu fupi za kunyooka, nyingine kinyume chake. Peleka baiskeli ikapimwe siku hizo hizo. Isipungue kilo 6.8, fremu iwe na alama ya kuidhinishwa, na kama kiti au usukani umetoka kwenye vipimo, ni bora uambiwe leo kuliko dakika kumi kabla ya getini.

Nikirudi kwetu kusiko na mbao, si nitasahau yote?

Kona utaisahau kidogo, nayo itarudi ndani ya siku mbili safari ijayo. Mzunguko wa miguu ndio unaopotea haraka, na huo una tiba: rola tatu chini ya baiskeli ile ile ya uwanjani, mara tatu kwa wiki. Anza na dakika 10 za mizungusho 100 kwa dakika, kisha ongeza sekunde 10 za mizungusho 150 bila makalio kuruka kitini. Weka rola karibu na ukuta mpaka uzoee, na mnyororo uuangalie kabla ya kupanda.